Alama Haikati Sauti: Kweli na Uzushi Kuhusu Maka Studio

Ukikaa na watu wanaohariri sauti, iwe ni redio ya jamii, podikasti ya chumbani au kijana anayerekodi mawaidha na kuyapandisha YouTube, utakuta kila mmoja anajua kukata, kuunga na kupunguza kelele. Waulize kuhusu alama, au maka kama wengi tunavyoiita, ile inayobandikwa kwenye mstari wa muda ili mahali fulani pasipotee, na jibu ni lile lile: naijua, ila siitumii. Sababu wanazozitoa nimezisikia mara nyingi, na nyingi si za kweli. Hasara yake inaniuma. Mtu anasikiliza mahojiano ya saa nzima, anaamua kichwani hapa patakatwa, hapa ndipo pa kufungulia kipindi, hapa jina lihakikiwe. Kesho yake anaanza kusikiliza upya tangu mwanzo, kwa sababu uamuzi wa jana haukuandikwa popote.

Mifano mingi nitaitoa kwenye programu ya Audacity, kwa kuwa ni ya bure na imeenea sana. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Humo alama inaitwa lebo, na ina traki yake yenyewe. Programu za Reaper na Adobe Audition nitazigusa pale zinapotofautiana nayo.

"Nikiweka alama nitaigusa sauti, halafu itasikika 'tik'."

Uongo.

Alama haina sauti wala haichanganyiki na sauti. Katika Audacity inakaa chini ya mawimbi kwenye traki yake, na ukiifuta traki hiyo yote rekodi inabaki vile vile. Hata inapohifadhiwa ndani ya faili la WAV, inakaa sehemu nyingine kabisa. WAV, iliyotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, imejengwa kwa vipande vyenye majina: kimoja kinaeleza aina ya sauti, kingine kimebeba sauti yenyewe, na kingine, kikiwepo, kinaorodhesha alama. Kila alama hapo inachukua baiti 24, ukiacha jina lake. Sekunde moja ya stirio ya kiwango cha CD ni baiti 176,400, kwa hiyo orodha ya alama 100 ina uzito mdogo kuliko sehemu ya sabini ya sekunde moja ya wimbo. Programu isiyojua kusoma kipande hicho hukiruka na kuendelea na kazi.

Ile 'tik' watu wanayoisikia ipo kweli, ila inatokana na kukata. Ukikata mahali ambapo wimbi liko juu au chini, mbali na mstari wa sifuri, spika inalazimika kuruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine, na mruko huo ndio unaosikika. Chagua eneo lako, kisha bonyeza Z: Audacity itasogeza kingo za eneo hilo hadi pale wimbi linapovuka sifuri.

"Alama zimekuja na kompyuta."

Uongo, na huu napenda kuurekebisha taratibu.

Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam na Sauti ya Kenya, sauti ilihaririwa kwenye utepe wa sumaku. Fundi alishika magurudumu mawili ya kanda kwa mikono yake, akauvuta utepe mbele na nyuma polepole juu ya kichwa cha kusomea, neno likageuka mngurumo mzito, mpaka akaipata sehemu hasa linapoanzia. Hapo aliweka alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa utepe. Kisha utepe ulilazwa kwenye mfereji wa chuma, ukakatwa mshazari kwa wembe, ukaungwa kwa utepe wa gundi. Kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, pumzi ya nusu sekunde ilikuwa na urefu wa sentimita tisa na nusu. Ungeweza kuipima kwa rula. Alama ilitangulia wembe kila mara, maana ukishakata umekata.

Nidhamu hiyo tumeipoteza tulipopata kitufe cha kutengua. Tunakata tukiwa bado tunasikiliza, tunatengua, tunakata tena, na mwishowe hatukumbuki sentensi ya mzungumzaji ilikuwaje kabla hatujaigusa. Kusikiliza na kukata ni kazi mbili. Aliyewahi kuandaa kipindi kirefu anajua kwamba uamuzi wa dakika ya tano hubadilika ukifika dakika ya arobaini, pale mzee anapolirudia jambo lile lile kwa maneno bora zaidi. Ukiwa umeweka alama tu, unaihamisha. Ukiwa umeshakata na kuhifadhi juu ya faili la awali, hakuna cha kuhamisha.

Na kanda zenyewe bado zipo. Anayehamisha kanda za zamani za dansi au taarab kwenda kompyuta huiachia kanda ipite yote bila kuisimamisha, akapata faili moja refu lenye nyimbo kadhaa, sauti ya mtangazaji, na ukimya wa hapa na pale. Wengi hulikatakata faili hilo kwa mkono na kulihifadhi kipande kimoja kimoja. Njia nyepesi ni hii: weka lebo mwanzoni mwa kila wimbo, iandike jina la bendi na la wimbo, kisha iagize Audacity itoe mafaili mengi kwa mpigo kwa kufuata lebo. Kila faili litaanzia kwenye lebo moja na kuishia kwenye inayofuata, na maandishi ya lebo ndiyo yatakuwa jina la faili. Epuka mkwaju na nukta pacha kwenye majina hayo, kwa sababu kompyuta nyingi hazizipokei kwenye majina ya mafaili. Faili refu la awali libaki salama pamoja na maneno ya mtangazaji, maana mara nyingi ndiye pekee anayetaja nani alipiga gitaa.

"Alama huwekwa baada ya kurekodi."

Uongo. Wakati mzuri kuliko yote ni wakati mtu anazungumza. Katika Audacity, bonyeza Ctrl+M huku rekodi ikiendelea, andika neno moja, gonga Enta, rekodi haisimami. Katika Reaper ni herufi M. Ukiwa nje, baadhi ya vinasa vya mkononi vina kitufe cha kuacha alama ndani ya faili la WAV katikati ya rekodi, na Reaper na Audition huzisoma alama hizo ukifika nyumbani. Msomaji wa kitabu cha sauti aliyekaa mbali na kibodi anaweza kupiga kofi moja anapokosea, kisha akairudia sentensi. Kofi linasimama kama mwiba katikati ya mawimbi, na mhariri analiona bila hata kusikiliza.

"Alama iko pale pale jambo lilipotokea."

Kweli kwa kompyuta, uongo kwa kidole.

Kompyuta huiweka alama kwa usahihi wa sampuli moja, na sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100 katika kila sekunde. Lakini wewe umesikia kwanza, ukaelewa, ukaamua, ndipo kidole kikashuka. Robo sekunde imekwenda, mara nyingi zaidi ya hapo, na kama ulichokuwa unakiamua ni maana ya sentensi nzima, sekunde mbili tatu zimeshapita. Kwa hiyo alama iliyowekwa papo hapo ichukuliwe kama jina la mtaa. Namba ya nyumba utaitafuta baadaye kwa kurudi nyuma kidogo na kuyakuza mawimbi.

"Alama inanikumbusha tu, haiwezi kunifanyia kazi."

Nusu kweli, na hapa ndipo watu wanapopoteza muda mwingi.

Lebo ya Audacity inaweza kuwa nukta, au inaweza kufunika kipande chenye mwanzo na mwisho. Chagua eneo la pikipiki iliyopita nje ya dirisha, bonyeza Ctrl+B, andika KATA. Endelea hivyo mpaka mwisho wa mahojiano. Ukimaliza, chagua traki ya sauti pamoja na traki ya lebo, nenda kwenye amri za sauti yenye lebo katika menyu ya kuhariri, na uamuru vipande vyote vifutwe kwa pamoja. Vipande thelathini vinaondoka kwa amri moja. Ipo amri nyingine ya kuvinyamazisha bila kuvifuta, inayofaa pale unapotaka muda ubaki vile vile, kwa mfano sauti inapofuatana na video.

Angalizo: amri hiyo haisomi ulichoandika. Kipande ulichokiita KATA na kipande ulichokiita NZURI SANA kwake ni vile vile, na vyote vitaondoka. Tengeneza traki mbili za lebo, moja ya kuondoa na nyingine ya kutunza, na wakati wa kufuta uchague ile ya kuondoa peke yake.

Kuhusu majina, nina msimamo. Lebo iseme uamuzi. "Mzee anazungumzia bandari" haikusaidii wiki ijayo. "KIFUNGUZI bandari" inakusaidia. Mimi hutanguliza kitenzi au neno la kazi kwa herufi kubwa: KATA, RUDIA, HAKIKI, KIFUNGUZI, UKIMYA. Hilo la mwisho ni la zile sekunde chache za chumba kitupu ambazo utazihitaji kuziba mapengo, nazo ni ngumu kuzipata kama hukuzitia alama mapema.

"Nikikata, alama zangu zinafuata sauti."

Inategemea, na kutojua hili ndiko kunakowafanya wengi waseme alama hazitabiriki.

Hebu tuangalie kwa karibu. Ukizitoa lebo za Audacity kama faili la maandishi, utapata mistari ya namna hii, mwanzo na mwisho vikiwa kwa sekunde:

187.250000 203.600000 KATA pikipiki
412.118000 412.118000 HAKIKI mwaka

Mstari wa kwanza ni kipande kinachoanza dakika ya 3 na sekunde ya 7. Wa pili ni nukta, ndiyo maana mwanzo na mwisho vinafanana; uko dakika ya 6 na sekunde ya 52, pale mzungumzaji alipotaja mwaka unaotia shaka. Sasa chagua traki ya sauti peke yake na ufute ile pikipiki. Sekunde 16.35 zimeondoka. Mwaka ule wenye shaka sasa unatamkwa kwenye sekunde ya 395.768, lakini lebo imebaki kwenye 412.118, ikielekeza kwenye sentensi nyingine kabisa. Ukikata mara kumi namna hiyo, lebo za mwishoni mwa kipindi zitakuwa zimepotea kwa zaidi ya dakika mbili na nusu.

Dawa yake ni kuwasha Sync-Lock kwenye menyu ya traki kabla hujakata chochote. Ikiwashwa, picha ndogo ya saa huonekana kwenye traki zilizofungwa pamoja, na lebo husogea kila sauti inaposogea. Katika Reaper, hali ya kuvuta vipande vinavyofuata ina ngazi mbili: ile ya traki moja huziacha alama zilipo, ile ya traki zote huziburuta. Jaribu kwenye faili la majaribio la dakika moja, utajua programu yako ina tabia gani.

"Kompyuta inaweza kuziweka alama yenyewe."

Nusu kweli. Audacity ya matoleo ya 3 ina zana ya kuweka lebo kwa kupima ukubwa wa sauti: unaiambia chini ya kiwango fulani ni ukimya, na ukimya wa kuanzia muda fulani utenganishe vipande. Kwa kanda ya nyimbo zilizoachana vizuri, au orodha ya maneno yaliyosomwa moja moja, inaokoa kazi kubwa. Kwa mazungumzo ya watu mimi siiamini. Inapima kimo cha wimbi tu. Bibi anayesimulia mwaka wa njaa akanyamaza sekunde nne kabla ya kutaja jina la mwanawe, zana hiyo itaiona nafasi tupu, na mhariri mwenye haraka ataifuta. Ukimya ule ni sehemu ya alichokisema.

"Nikimtumia mwenzangu sauti, ataziona alama zangu."

Mara nyingi uongo. Lebo za Audacity ziko ndani ya faili la mradi. Ukitoa MP3 na kumtumia, amepata sauti na hana lebo hata moja. Mtumie pamoja na lile faili la maandishi. Ni dogo kuliko picha ya simu, na ataliingiza kwenye Audacity yake. Sharti ni moja: sauti yake ianzie pale pale yako ilipoanzia. Akipunguza sekunde tatu za mwanzo, kila lebo itakosea kwa sekunde tatu. Na mjue kwamba faili la MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni. Kwa LAME, programu ya kutengeneza MP3, ukijumlisha na ucheleweshaji wa kulifungua, ni kama sampuli 1,105, yaani milisekunde 25 hivi, isipokuwa programu inayolisoma iuondoe ukimya huo. Kwa mahojiano haina neno. Kwa ngoma inayopaswa kudunda sambamba na nyingine, tumianeni WAV.

"Alama zangu ndizo zitakuwa sura za podikasti."

Uongo. Lebo za Audacity haziandikwi kama sura ndani ya MP3. Sura zina mahali pake kwenye data za utambulisho wa faili, na huingizwa kwa programu nyingine. Kwa YouTube kazi ni rahisi: andika muda na vichwa kwenye maelezo ya video, cha kwanza kianzie 0:00, viwe angalau vitatu kwa mfuatano, na kila sura iwe na sekunde 10 au zaidi. Muda huo unauchukua kwenye faili la lebo, ukigeuza sekunde kuwa dakika.

"Ninachoandika kwenye alama hakitasomwa na mtu mwingine."

Uongo, na kati ya yote niliyoyataja huu ndio unaoweza kumdhuru mtu.

Katikati ya mahojiano, watu husema: hili usilitoe. Wengine huomba jina la jirani liondolewe, wengine wamekubali kuzungumza kwa sharti wasijulikane. Papo hapo weka alama, USIRUSHE, kwa sababu mhariri wa kesho huenda asiwe wewe, na ahadi uliyoitoa ukiwa umekaa kwenye mkeka wa mtu haimo popote kwenye mawimbi. Mimi naona hii ndiyo kazi ya heshima kuliko zote ambazo alama inaweza kufanya.

Lakini angalia unaandika nini. Audition, unapohifadhi WAV, ina kisanduku cha kujumuisha alama na data nyingine za maelezo. Kikiwa na tiki, alama zako zinasafiri na faili mpaka kwa yeyote atakayelifungua kwa programu inayozisoma. Ukiwa umeandika "USIRUSHE" ukifuatisha jina kamili la mtu na anachokiogopa, umekiondoa kwenye sauti na kukiacha kwa maandishi ndani ya faili lile lile. Faili la mradi la Audacity nalo, ukimkabidhi mtu, limebeba kila lebo uliyowahi kuandika na hukuifuta.

Kwa mahojiano ya aina hiyo, lebo iwe na namba tu: USIRUSHE 1, USIRUSHE 2. Maelezo ya kila namba yaandikwe kwenye daftari lisilounganishwa na kompyuta. Toleo la kurushwa litolewe bila tiki kwenye kisanduku kile, kisha ulifungue upya mwenyewe, uangalie orodha ya alama kama iko tupu, ndipo ulitume.